Machela Iliyowekwa Chini

Mkono wa picha haubebi machela.

Mliisikia Jumapili iliyopita, wajukuu zangu, pale uwanja wa shule, yule bwana wa suti aliposema daraja letu litazinduliwa upya, na mzee Nyamohanga akamrushia maneno hayo kutoka nyuma ya umati. Watu wazima walinyamaza. Nyinyi mlicheka. Kisha njiani mkaniuliza, "Bibi, mkono wa picha ni mkono gani?" Nikawajibu kwamba nitawaandikia, kwa sababu mdomo wangu haujawahi kufika mwisho wa habari hii. Labda kalamu itafika.

Chanzo cha methali hiyo ni Jumanne moja, miaka kumi na tisa iliyopita, siku ambayo babu yenu Magaigwa alitoka nyumbani bila kumaliza uji. Alisema atarudi saa nne kuumalizia. Nikafunika kikombe kwa kisahani. Kuanzia siku hiyo upande mmoja wa meza hii hauna mtu, na sijamruhusu yeyote aukalie, kama mlivyoona.

Kwanza niwaeleze tulivyokuwa tukiishi, maana nyinyi mmezaliwa daraja lipo.

Mto wetu ni mpaka wa nchi mbili. Sitazitaja. Mnaijua yenu, na ile ya pili mnaiona mkisimama mlangoni mwa jiko langu. Watu wa pande zote mbili ni sisi kwa sisi: lugha moja, koo zilezile, na mimi mwenyewe nilizaliwa ng'ambo nikaolewa huku. Hospitali ya serikali yetu iko mbali, zaidi ya kilometa hamsini, na mvua ikinyesha barabara inakatika. Hospitali ya ng'ambo iko kilometa tatu tu kutoka mtoni. Wao walihitaji malisho yetu wakati wa kiangazi. Sisi tulihitaji daktari wao mwaka mzima. Hakuna aliyesaini kitu. Mgonjwa akizidiwa, tulipiga pembe, na ng'ambo wakasikia.

Machela yetu ilikuwa miti miwili ya mkaratusi iliyoshonewa ngozi ya ng'ombe katikati. Wanaume wanne wa huku waliiweka mabegani mpaka kwenye kivuko cha mawe, na wanne wa ng'ambo waliwakuta katikati ya maji. Hapo ndipo walipokezana. Aliyebeba aliuliza, "Bega lipo?" Aliyekuja kupokea alishika mti, akajibu, "Lipo." Mkono mpya ukishashika mti, mkono wa zamani unaachia palepale, maana watu wanane wakivutana juu ya mawe yenye utelezi wote wataanguka. Watoto wetu walijifunza hilo wakichezea fimbo. Na sharti lilikuwa moja: machela haiwekwi chini mpaka imefika. Wazee walisema ukimweka mgonjwa chini njiani, ardhi itadhani umempa.

Mkuu wa machela upande wetu alikuwa babu yenu. Ng'ambo alikuwa Sagirai, binamu yangu. Kwa hesabu ya Magaigwa mwenyewe, walikuwa wamevusha watu mia moja na sita, na waliorudi kwa miguu yao ni tisini na nane.

Ndipo serikali mbili zikajenga daraja. Sikatai, ni daraja zuri. Katikati yake wakachora mstari mweupe, na kila upande wakaweka kizuizi na askari. Kuanzia hapo mtu alihitaji karatasi kwenda kumwona shangazi yake. Sisi tukaendelea kuvusha wagonjwa kule kwenye mawe, kimyakimya, kama wezi. Mwaka wa tatu tukatangaziwa kwamba mawaziri wawili watakuja kusaini makubaliano ya ushirikiano, na kipengele cha nne kinasema wagonjwa wa dharura watavuka darajani bila kuzuiwa. Babu yenu alikisoma kipengele hicho kwa sauti hapa mezani mara tatu. Alifurahi kama mtu aliyeandikiwa yeye.

Alikuwa fundi wa mapaa. Wakamchukua kwa kibarua cha kusimamisha milingoti ya bendera.

Jumanne ile, kabla ya saa moja asubuhi, maofisa wa itifaki wa nchi mbili walikuwa tayari wanagombana pale darajani. Mlingoti wetu ulikuwa mfupi kuliko wa ng'ambo kwa vidole vinne. Waliupima kwa futi ya fundi. Nyamohanga, aliyekuwa akisaidia kuchanganya saruji, alinihadithia kila neno.

"Ongezeni wenu," alisema afisa wa ng'ambo. "Sisi hatushushi."

"Wageni ni nyinyi," akasema wa kwetu. "Hamwezi kuja kutuzidi kwetu."

"Hapa ni mpakani, ndugu. Hakuna mgeni."

"Basi shusheni!"

Babu yenu akawaambia, "Waheshimiwa, bendera inafungwa kwa kamba. Ile iliyo juu ifungeni chini kidogo, zitalingana." Afisa wetu akamtazama kama anayetazama mbuzi aliyeingia kanisani. "Mzee, wewe panda uongeze bomba."

Akapanda. Ngazi ilisimama kwenye udongo uliochimbwa jana yake. Iliteleza, naye akaangukia rundo la mawe, ubavu wa kushoto.

Aliinuka. Hilo ndilo lililotudanganya wote. Aliinuka akajikung'uta, akacheka, akaomba maji, akakaa kwenye ukingo wa hema. Walipoona ameketi wakaendelea na shughuli zao. Mnajua bendera walizifanyaje? Waliifunga ile ya ng'ambo chini kidogo kwa kamba. Vidole vinne. Dakika mbili hazikuisha.

Saa tatu Nyamohanga alikuja mbio nyumbani. "Shemeji, lete machela. Magaigwa tumbo limekuwa gumu kama ubao." Nilipofika midomo yake ilikuwa imepauka, na jasho lake la baridi. Wabebaji wengine watatu walishafika. Tukamlaza.

"Twendeni mawe," akasema Nyamohanga. Kutoka pale hadi kwenye mawe ni mwendo wa nusu saa kuteremka.

Magaigwa akatikisa kichwa. "Hapana. Nimeisimamisha milingoti ya daraja hili mimi. Leo ndiyo siku yenyewe. Nipitisheni juu kama mtu."

Nyamohanga akanitazama mimi. Nami nikasema, "Tumsikilize mgonjwa."

Nimeandika maneno hayo mawili na nimekaa nayo muda mrefu kabla ya kuendelea.

Kwenye kizuizi askari kijana alinyoosha mkono. "Daraja limefungwa, mama. Mpaka saa sita. Waheshimiwa wanaingia."

"Huyu ni mgonjwa," nikasema.

"Naona."

Nyamohanga akauliza, "Si ndiyo yanayosainiwa leo hayo? Wagonjwa wapite?"

"Ndiyo. Lakini hayajasainiwa."

"Yakishasainiwa tutapita?"

Yule kijana akafikiri. Hakuwa mtu mbaya. "Yakishasainiwa, nadhani yanapelekwa bungeni kwanza."

"Bunge la nani?"

"La huku. Halafu na la kule."

"Basi mwambie huyu asubiri mabunge mawili," Nyamohanga akasema, na mmoja wa wabebaji akacheka kicheko kibaya.

Nyuma ya hema niliona magari mawili ya wagonjwa, moja la kila nchi, meupe, yamesafishwa mpaka matairi. Nikamwendea dereva wa gari letu. Akanijibu bila kushuka, "Mama, hili ni la msafara. Mheshimiwa akipatwa na jambo na gari halipo, mimi nitakula wapi?" Nilipogeuka, yule afisa wetu wa itifaki alikuwa amesimama mbele ya machela, mikono kiunoni, anatabasamu.

"Huyu ni mgonjwa kweli?"

"Ni yule uliyempandisha ngazi," Nyamohanga akamwambia.

Sidhani kama alisikia. "Hii ni safi sana," alisema. "Machela ya asili. Waheshimiwa wataipenda." Akampungia askari. "Wapishe hawa mpaka kwenye mstari."

Kizuizi kikainuliwa! Wajukuu zangu, mimi nilimshukuru mtu yule. Nilimwinamia. Tulipanda darajani, bendi inapiga, watu wanapiga makofi pande zote mbili, na upande wa ng'ambo nikamwona Sagirai na wenzake watatu wamesimama nyuma ya kamba, mabega tayari, maana walishaiona machela. Nikadhani yamekwisha.

Kwenye mstari mweupe tulisimamishwa. Mawaziri wawili wakaletwa, na nyuma yao wakuu wawili wa wilaya. Mpiga picha akawaambia wabebaji washushe machela kutoka mabegani ifike usawa wa kiuno. Mawaziri wakashika miti upande wa kichwa, kila mmoja mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakashikana juu ya mume wangu. Wakuu wa wilaya wakashika upande wa miguu.

Nyamohanga akamuuliza waziri aliyekuwa karibu naye, "Bega lipo?"

Waziri akatabasamu. "Asante sana," akasema.

Basi wabebaji wetu wakaachia.

Mtu wa mahali pengine angewaona wajinga. Lakini mikono minne mipya ilikuwa imeshika miti, na tangu utotoni watu wale hawakujua kitu kingine ambacho mkono hufanya pale mti unaposhikwa mbele yao. Waliachia na kurudi nyuma hatua moja, kama mtoni. Nyamohanga aliniambia baadaye kwamba wakati ule moyo wake ulijaa. Aliamini kwamba serikali mbili zimepokea. Aliamini watambeba.

Mashine ya picha ililia mara nyingi. Kisha uzito ukawafikia. Machela ikainama upande mmoja, walinzi wakarukia, wakaishusha.

Wakaiweka chini. Juu ya saruji, juu ya mstari.

"Kumbe mzito!" waziri akasema, akicheka, akijipangusa mkono kwa kitambaa. Mwenzake naye akacheka. Wakaondoka kwenda jukwaani, na askari wakawasukuma wabebaji wetu nyuma ya kamba pamoja na umati. Mimi niliachwa. Nafikiri hakuna aliyeniona. Nilikaa kwenye saruji nikamweka kichwa mapajani.

"Nani amepokea?" Magaigwa akauliza. Macho yake yalikuwa yamefumbwa.

"Mawaziri."

"Walijibu?"

"Walisema asante."

Alipapasa saruji kwa kiganja. Kisha akaniuliza, "Niko chini?"

Nilimvutia blanketi langu la kijani mpaka kifuani.

Nilimwita ofisa wa upande wetu aliyesimama hatua kumi. Akaja, akatazama mstari. "Miguu iko kwao, mama. Nikigusa itakuwa kesi." Nikamwita wa ng'ambo. "Kichwa kiko kwenu," akasema. "Subirini hotuba ziishe." Hotuba zilikuwa nne. Nilizisikia zote. Nilisikia kwamba sisi ni ndugu wa damu moja. Nilisikia kwamba mpaka ule ni wa kwenye ramani tu, si wa mioyoni. Nilisikia kipengele cha nne kikisomwa, na nikasikia makofi. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilitulia kabisa, na hasira hiyo haijaniondoka hata leo. Mnaiona mkidhani ni upole.

Walipomaliza kusaini, bendi ikapiga wimbo wa taifa letu. Kila mtu akasimama wima, na askari wakapiga saluti. Kisha ukaanza wimbo wa ng'ambo, na hapo Sagirai akaruka kamba.

Alitembea, hakukimbia. Katikati ya wimbo wa taifa lake mwenyewe, mbele ya waziri wake, alitembea na wenzake watatu mpaka kwenye mstari. Hakuna askari aliyeweza kumzuia, maana wote walikuwa wamekakamaa mkono kwenye kofia. Nyamohanga alipowaona akavunja safu upande wetu akaja na watu wake.

"Shemeji, bega lipo," Sagirai alimwambia Magaigwa, kabla hajaulizwa.

"Lipo," Magaigwa akasema. Hilo ndilo neno lake la mwisho nililolisikia.

Walimwinua wakaondoka naye. Zile kilometa tatu walikwenda bila kubadilishana. Mimi nilikuwa nyuma, nikitazama visigino vya Sagirai. Tulipofika kwenye lango la hospitali daktari alitoka mbio, akamgusa shingo, akasimama. Alituambia chumba cha upasuaji kilikuwa tayari tangu asubuhi. Kilikuwa kimeandaliwa kwa ajili ya msafara. Aliuliza, "Alianguka saa ngapi?" Tulipomwambia, akavua miwani.

Baadaye Sagirai alikiri kwangu kwamba babu yenu alikata roho wakiwa nusu ya njia. Alijua kwa bega. Mtu akifa uzito wake unabadilika. Hakusema neno, na hakusimama. "Ningesimama, ingebidi tumweke chini," aliniambia. "Na alishawekwa mara moja."

Walimkamata palepale langoni kwa kosa la kudharau wimbo wa taifa. Alikaa rumande siku kumi na tisa. Sisi tukaambiwa maiti haiwezi kuvuka bila kibali cha nchi mbili, na kwamba kibali kitachukua siku kadhaa kwa sababu wakubwa wamesafiri na mawaziri. Hospitali ikaandika kwamba alifika amefariki, basi hakufia kwao. Ofisi yetu ikasema hakufia kwetu. Mpaka ninapoandika haya sina cheti cha kifo cha mume wangu, kwa sababu hakuna nchi inayokubali kwamba alifia ndani yake.

Tulimrudisha kwa kupitia mawe. Watu wa ng'ambo walimleta mpaka katikati ya maji, wa kwetu wakawakuta. "Bega lipo?" "Lipo." Mama mkwe wangu, mzee Wankyo, alikuwa amesimama ukingoni, na aliposikia sauti hizo alikaa chini kwenye tope.

Baada ya wiki tatu ilikuja bahasha kubwa kutoka ofisi ya mkoa. Ndani yake kulikuwa na kalenda. Picha ya juu ilikuwa ile: mawaziri wawili, meno nje, mikono imeshikana, na chini yao blanketi langu la kijani na nusu ya uso wa Magaigwa. Chini wakaandika: Undugu Wetu Hauna Mpaka. Barua ilisema ofisi inaishukuru familia kwa ushirikiano wake.

Sagirai alikuwa ametoka rumande siku mbili kabla, na alikuwa amevuka kuja kutoa pole. Nyamohanga naye alikuwepo. Mama mkwe hakujua kusoma, basi aliomba apewe kalenda aitazame. Aliweka kidole juu ya picha, akakisogeza polepole.

"Huu mkono umeshika mti?"

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Na huu?"

"Umeshika mkono wa mwenzake."

"Na huu wa huku?"

"Mti."

Alihesabu mikono yote. Kisha akainua uso, akawatazama wanaume wawili waliokaa kwenye mkeka, mmoja wa nchi hii na mmoja wa ile. "Sagirai, wewe uko wapi hapa?"

"Mimi simo, mama."

"Na wewe Nyamohanga?"

"Nilikuwa nimeshaachia."

Bibi kizee yule hakupiga kelele. Alikunja kalenda mara mbili, akaisokomeza kwenye moto chini ya sufuria, akangoja mpaka uso wa mwanawe umemalizika kuungua. Ndipo akasema, "Mkono wa picha haubebi machela."

Sagirai alivuka nayo kwenda ng'ambo jioni ile, na kufikia mavuno ilikuwa imesemwa katika masoko ya pande zote mbili. Wameisema tangu wakati huo, kila anapokuja mtu wa kushikana mikono mbele yetu. Wengi hawajui tena machela ni ipi. Nyinyi sasa mnajua, na mkiisikia tena, msicheke.

Mkono wa picha haubebi machela.

Kipengele cha nne hakijaanza kutumika, kwa sababu bunge moja lilikipitisha na la pili bado. Machela iko nyuma ya mlango wangu. Alhamisi ilivusha mtu wa mia nne na thelathini na mbili, kwa kupitia mawe.